Aliyelala Chali Siku Sita

Kazi ya Rehema ilikuwa kuuliza watu saa zao zinakokwenda. Umeamka lini, umelima muda gani, umekaa, umetembea, umelala. Watafiti wa nchi kumi na saba walikuwa wameungana kutaka kujua jinsi mtu anavyozigawa saa zake ishirini na nne, na mgawanyo huo unavyoujenga mwili wake au kuubomoa. Wilaya za Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, zilikuwemo, na Rehema, binti wa muuza vitambaa wa mtaa wa Waislamu pale Kasongo, ndiye aliyepewa vijiji vya njia ya Lusangi.

Kila aliyekubali kuhesabiwa alibandikwa pajani kamashini kadogo kama kidole gumba, siku saba, usiku na mchana. Kale kamashini kalijua kama aliyekavaa amekaa, amesimama, anatembea au amelala. Baada ya hapo Rehema alirudi kumuuliza alikuwa akifanya nini, akaandika katika tabuleti.

Wiki moja mvua ilikata daraja la magogo la njia ile, Rehema akashindwa kurudi Lusangi kwa siku aliyoahidi. Lakini kamashini ka Mama Marcelline kalifika Kasongo kenyewe, kamefungwa katika mfuko wa plastiki, mkononi mwa Abdoul wa pikipiki, aliyevuka kwa mtumbwi. Rehema alifurahi. Alimpenda mama huyu tangu siku ya kwanza: mkulima wa mihogo na karanga, mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwenye mwendo wa haraka uliomwacha Rehema nyuma akihema.

Furaha haikudumu. Dominique, mkubwa wake wa kazi, alifungua hesabu kwenye kompyuta akamwita.

"Angalia mama yako wa Lusangi. Siku ya kwanza, hatua elfu ishirini na mbili. Siku sita zilizobaki, karibu hakuna kitu. Amelala chali kama mutu wa koma, asiyejitambua."

"Labda aligonjwa."

"Mugonjwa anageuka, anaenda chooni kila mara. Huyu alitoa kamashini, akaiweka juu ya kabati. Tunamufuta."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni: asiyevaa siku nne kati ya saba, namba yake inaondolewa. Rehema aliomba siku mbili aende akaulize mwenyewe. Dominique alikuna kidevu, akasema, "Enda. Lakini usimupe majibu mudomoni."

Maji yalikuwa yameshuka. Abdoul alimpakia alfajiri, wakateleza katika tope jekundu, wakashuka kusukuma mara tano au sita, na njia nzima Rehema alipanga maneno ya lawama. Hangemgombeza mama mtu mzima. Angesema tu, kwa upole, kwamba kusema kweli ni bora kuliko kuona haya.

Jambo la kwanza aliloliona uani kwa Mama Marcelline ni mwanamume mwenye mikono ya mchimbaji akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuwa Pitchou, mkwe wa nyumba ile, aliyezoea kukaa Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu miezi mitatu mitatu. Wanawake wawili wa jirani walisimama nje ya ua wakimcheka wazi wazi.

"Unatwanga ao unachimba?" mmoja aliuliza.

"Ninatafuta dhahabu humu ndani," Pitchou akajibu, jasho likimtiririka. Akamwonyesha Rehema mlango kwa kidevu. "Ingia, dada. Mama iko ndani. Lakini usipige kelele."

Rehema alibisha hodi kwa sauti ya chini. Mama Marcelline alikuwa juu ya kitanda cha mianzi, ameegemea gunia la pumba, kitenge kimemfunga kifua kizima mpaka kidevuni. Kando yake, juu ya mkeka, binti yake Grâce alikuwa amelala, uso umempauka.

"Jambo, mama."

"Jambo, mwanangu. Sisimami kukupokea, unisamehe. Karibu."

Rehema akakaa juu ya kigoda. Aliziacha lawama zote, akauliza moja kwa moja. "Mama, ile kamashini uliivaa siku zote saba?"

"Zote. Hata kuoga, sikuitoa. Si uliniambia nisitoe?"

"Lakini inasema ulilala tu."

Mama Marcelline alicheka polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. "Haisemi uongo. Nililala. Angalia."

Akashusha kitenge kidogo. Katikati ya matiti yake palikuwa na kichwa kidogo kama chungwa, chenye kofia ya sufu. Mtoto alikuwa amelala juu ya ngozi ya bibi yake, amekunjwa kama chura, mdomo wazi.

Rehema alisahau tabuleti.

Basi Mama Marcelline akamweleza. Siku ile ya kwanza alikuwa shambani Grâce aliposhikwa na uchungu, na mimba ilikuwa ya miezi saba na nusu tu. Alikimbia mpaka kituo cha afya, ndiyo maana zile hatua zote. Mtoto alizaliwa na kilo moja na gramu mia sita. Njia ya hospitali ilikuwa imekatika, na kituo hakikuwa na sanduku la kutia joto. Munganga wa kituo akasema sanduku ni mtu: mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, asiwekwe chini. Grâce alikuwa amepoteza damu nyingi, nguvu zake zilitosha kunyonyesha tu. Kwa hiyo bibi akawa sanduku.

"Na siku ya saba nikatuma kamashini kwa Abdoul," alimaliza, "juu ya ile ahadi yangu."

Rehema alivuta tabuleti, akaanza kuuliza saa kwa saa. Tabuleti ilitaka jibu kutoka orodha yake: kulala, kula, kusali, kupumzika, kazi ya nyumba.

"Niandike kupumzika?"

"Kupumzika!" Mtoto alishtuka, na bibi akashusha sauti. "Mwanangu, tangu mama anizae sijachoka hivi. Kulima ni raha. Hapa nikikohoa naogopa. Usingizi ukija najifinya, nasikiliza kama anapumua. Mugongo wangu uko sawa na ubao. Andika kazi."

"Kazi gani, mama?"

"Namupa mutoto joto."

Orodha haikuwa nayo. Rehema aliiandika yote pale palipoitwa Mengineyo, kwa maneno ya mama mwenyewe, mpaka nafasi ikaisha.

Pitchou aliingia, akanawa, akavua shati. Zamu yake ilikuwa imefika. Alikuwa amefika kutoka machimboni baada ya wiki ile, na alikiri kwamba mara ya kwanza alikuwa ameona haya, tena akaogopa kumvunja mtoto. Sasa alimpokea mtoto kwa mikono miwili bila kuhema, akajilaza, na mkwewe akamfunga kitenge akitazama pembeni kwa heshima. Kisha Mama Marcelline akasimama, akajinyoosha mpaka mifupa ikalia, akatoka nje kwenda kula sombe ya jana, akasema haikutwangwa vizuri, akaila yote.

Alhamisi iliyofuata watafiti wote walikutana kwa mtandao. Mawasiliano ya Kasongo yalikatika mara tatu. Dominique alieleza kwa Kifaransa habari ya namba iliyotakiwa kufutwa, kisha akamsukumia Rehema kompyuta. "Sema wewe. Wewe ndiye uliona."

Rehema akaeleza yote aliyoyaona.  Alipomaliza, mwanamke mmoja mzee, mkubwa wa watafiti wote, akauliza, "Mtoto ana uzito gani sasa?"

"Kilo moja na gramu mia tisa na hamsini, mama."

Wakapiga makofi, kila mmoja katika kidirisha chake kwenye kompyuta. Mtafiti mwingine, wa nchi ya visiwa vya mbali, alisema taratibu kwamba yeye alikuwa amewafuta wanawake watatu wa namna hiyo, na angewatafuta tena. Kabla ya kuagana waliiongeza katika orodha: kumpa mtoto joto la mwili. Iliandikwa upande wa kazi.

"Nilikosea," Dominique alimwambia Rehema wakifunga kompyuta. "Ningemufuta yule mama." Akaenda mwenyewe kununua mandazi ya moto, wakala na chai.

Miezi mitatu baadaye Rehema alirudi Lusangi kwa zamu ya pili. Mtoto, aliyepewa jina la babu yake Ruphin, alikuwa na kilo nne na sauti ya kuitisha kijiji. Grâce alikuwa amenenepa, akichambua mchele kivulini mwa nyumba. Mama Marcelline alikuwa shambani, na ilibidi kumfuata huko.

Safari hii Pitchou hakuwa amerudi Salamabila. Alisema angengoja mavuno ya karanga. Alimtazama Rehema akitayarisha plasta ya kubandikia kamashini.

"Dada, wanaume hamuwapimi?"

"Tunawapima, kama wanakubali."

Pitchou akakunja kaptura yake mpaka juu pajani, akaweka mguu juu ya kigoda, na Grâce akacheka mpaka mchele ukamwagika.