Ndama Aliyefika Kwao

Krismasi ya mwaka 2007 shemeji yangu Emanuel alikuja kutoka Arusha na televisheni, deki na jenereta ndogo ya Kichina, akatutangazia kwamba watu walioendelea hawali pilau tu wakalala. Wanakaa pamoja kama familia wanaangalia katuni ya Krismasi. Sisi wa Endasak tumekaa pamoja kama familia tangu enzi za mababu mpaka tumechokana, lakini hakuna aliyembishia.

Mimi ni Odilia, mke wa kaka yake, Kasian. Nilikuwa na ombi moja tu sikukuu ile, na halikuhusu katuni. Mama yangu anaishi Tlawi, kule juu Mbulu. Binti yangu Rahel alikuwa ametimiza miaka minne na mama hajawahi kumwona. Mwezi wa kumi alinitumia ujumbe kwa mtu wa mnadani: macho yanafunga, mlete mtoto nimwone sura wakati bado naona mwanga. Peke yangu siwezi kwenda. Mke akionekana anapanda mlima wa Dareda na mtoto mgongoni bila mume, kabla hajafika Dongobesh watu wameshakubaliana kwamba amefukuzwa.

Kwa hiyo nilimwomba mume wangu. Kasian ni mpole, hajawahi kunikatalia jambo. Ana pikipiki, ila pikipiki haina mafuta. Haikuwa na mafuta Pasaka, haikuwa na mafuta mwezi wa kumi, na maajabu yake ni kwamba kila siku ya mnada ilifika Katesh na kurudi bila hayo mafuta.

Basi, baada ya misa na chakula, mablanketi yakatundikwa madirishani ili picha ionekane vizuri. Baba mkwe, Mzee Qamara, akawekewa kiti cha mbele, na mama mkwe, Bibi Fransiska, akakaa pembeni yake na Rahel mapajani. Mimi nilipewa nafasi nzuri kuliko wote, mlangoni, na birika la chai mkononi.

Katuni ilikuwa ya ndama wa kulungu. Amepotea kwenye theluji mkesha wa Krismasi, anatafuta njia ya kurudi kwa mama yake, na kiongozi wake ni bata aliyevaa kofia. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Emanuel alitutafsiria, na pale alipokuwa haelewi alitafsiri kwa sauti kubwa zaidi.

"Hiyo nyeupe ni nini?" aliuliza Mzee Qamara.

"Theluji, baba."

"Na mwenye huyu ng'ombe yuko wapi? Mtu gani anaacha ndama nje kwenye baridi namna hiyo?"

"Siyo ng'ombe, baba. Ni kulungu."

"Ana pembe, ana mama. Nimeuliza mwenyewe yuko wapi."

Ndama alipoteleza akaangukia mtoni, wote wakashika vichwa. Bibi Fransiska, aliyeniambia siku ninajifungua Rahel kwamba niache kelele za kitoto, alivua kitambaa cha kichwani akajifuta machozi. Na mume wangu! Alikuwa ameinamia televisheni, midomo inamcheza.

"Maskini," alisema. "Anamtaka mama yake tu."

Niliumia mpaka nikasahau kumimina chai. Nilipokumbuka, nilitamani kuimimina kichwani kwake.

Ndama akaiona taa ya kwao kwa mbali. Mama yake amesimama mlangoni, anaangalia huku na huku. Hapo hapo jenereta ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Nyumba ikawa ya msiba. "Jamani, asije akafia njiani!" alilia Bibi Fransiska. Emanuel akasema mafuta yameisha, na leo nani atauza mafuta. Mzee Qamara akasema haiwezekani, mnyama hawezi kulala nje.

Kasian akaruka. "Ngojeni!" Akatoka mbio, akachukua mpira na dumu la lita tano, akafungua tangi la pikipiki, akavuta kwa mdomo. Nilimfuata mpaka barazani. Mafuta yakatoka. Yakaendelea kutoka. Dumu lilipita nusu, likakaribia shingo, na yeye akawa anatema petroli huku anacheka, shujaa wa kulungu.

Jenereta ikaongezewa kidogo, ndama akafika kwao. Mama yake akamlamba uso. Watu wakapiga makofi. Mzee Qamara akapenga kamasi, akatoa hukumu: "Anayemzuia mtoto asifike kwa mama yake, huyo siyo mtu."

"Kweli kabisa, baba," alisema Kasian.

Emanuel akapendekeza turudie tangu mwanzo, wakakubali wote kwa pamoja. Nikaweka birika chini, nikatoka nje, nikazima jenereta. Kisha nikabeba lile dumu nikalimimina lote kwenye tangi la pikipiki, taratibu, lisimwagike hata tone.

"Yameisha tena?" Mzee Qamara aliuliza kutoka kwenye giza la mablanketi.

"Hapana, baba. Nimeyarudisha kwenye pikipiki." Nikasogea mpaka mlangoni. "Mama yangu naye anangoja mlangoni kule Tlawi, anataka kumwona Rahel kabla hajawa kipofu. Kasian ananiambia pikipiki haina mafuta."

Mtu mmoja akafunua blanketi dirishani. Kasian alikuwa anasoma viatu vyake. Mzee Qamara alimgeukia mwanawe, leso bado mkononi.

"Kesho asubuhi," alimwambia, "vaa koti. Kule juu kuna baridi."

Tulifika Tlawi kesho yake saa saba mchana. Mafuta yalitosha, na mengine yakabaki. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Alitutazama tukishuka, hakuinuka. Niliposema shikamoo ndipo aliponyoosha mikono kuitafuta sauti.

"Marahaba, mwanangu."

Nikamsogezea Rahel. Akampapasa paji la uso, pua, masikio, bila haraka, kama mtu anayechambua maharage. Kisha akaniuliza, "Odilia, amefanana na nani?"

Niligeuka kumtafuta Kasian anisaidie kujibu. Alikuwa uani anatikisa pikipiki, ameinamisha sikio kwenye tangi, anasikiliza kama mafuta yatatosha kurudi.