Paka Asiye na Tumbo

Aneth alifagia mahindi yaliyomwagika chini ya mzani, akawarushia kuku wa jirani, kisha akaingia ofisini kuwasha kompyuta. Yeye ndiye karani wa chama cha wakulima kinachowatunzia watu wa Kakese mahindi ghalani hadi bei ipande. Kompyuta ilikuwa ya msaada. Ilikuja na Linux, na aliyeileta hakueleza Linux ni nini. Kwa kuwa asubuhi huwa hakuna watu, Aneth alijifunza mwenyewe kupitia simu zile amri za kuchezea: unaandika neno kwenye dirisha jeusi, unabonyeza, unacheka, basi.

Alianza na cowsay. Ng'ombe wa mistari alitokea kwenye kioo akasema alichoandikiwa, "Karibuni ofisini", na mchana ilibidi samadi izolewe chini ya meza. Siku nyingine aliandika sl. Garimoshi lilikatiza kioo, likatokea ubavuni mwa kompyuta, likapita dirishani kuelekea Kaliua. Wanachama waliokaa kwenye benchi waliuliza tu kama lina daraja la tatu.

Kisha akaandika oneko. Paka mdogo alitokea kwenye kioo, akawa anaukimbiza mshale wa kompyuta kila unakokwenda. Aneth alipotoa mkono, paka alikaa, akajikuna, akapiga miayo, akashuka mezani. Alikuwa mistari mitupu: masikio, sharubu, mkia, na katikati hamna kitu. Akikaa mbele ya kalenda, tarehe unaisoma vizuri.

"Mwache, Dada Aneth," alisema Séverine, aliyekuwa ameleta magunia yake. "Ghalani kuna kazi yake."

Séverine, ambaye mtaani wanamwita Mama Gratien, alikuwa na sababu. Ni mjane. Kila mwaka analeta mahindi ili ayauze bei ikipanda, anunue mabati kabla ya mvua. Kila mwaka akija kuyachukua yamepungua, na Fortunatus, mwenyekiti wa chama na mwenye ufunguo peke yake, anashika kiuno. "Panya, Mama Gratien. Sasa mimi nifanyeje?" Panya wa Kakese wana adabu kweli kweli, maana gunia la mwenyekiti hawajawahi kuligusa. Na watoto wa Mama Gratien wanahamisha mkeka usiku kucha, paa la nyasi likivuja huku wanakwenda kule. Inauma hata kusimulia.

Paka alichapa kazi. Kila asubuhi panya walikuwa wamelazwa kwa mstari mbele ya mlango wa ofisi, wamekufa, hakuna aliyeliwa hata sikio. Mstari ukawa mfupi, halafu ukaisha. Mama Gratien akaenda mjini, dukani mtaa wa Shanwe, akachagua mabati mekundu kwa macho, akayapapasa, akamwambia muuzaji atarudi.

Bei ilipopanda, magunia yake yalikuwa yamepungua kama kawaida. Fortunatus akaitisha mkutano.

"Ndugu wanachama," alisema, "panya wameisha, tunamshukuru karani wetu. Sasa anayekula mahindi ni paka."

Watu wakamtazama paka. Alikuwa amekaa mbele ya mzani, na namba za mzani zilionekana zote.

"Mwenyekiti, paka gani huyo anakula mahindi?" Mama Gratien aliuliza. "Si mnaona nyie wenyewe? Hana hata tumbo!"

"Ndiyo maana hashibi," alijibu Fortunatus.

Wanachama walinyoosha mikono kukubali, wengine wakitazama chini. Mbolea ya msimu ilikuwa haijagawiwa bado, na mgawaji ni yeye. Paka alinyanyuka, akapita katikati ya watu taratibu, akaweka makucha yake ya mistari juu ya kisigino cha mwenyekiti. Fortunatus akacheka, akasema mnyama huyu anampenda.

Kesho yake Aneth alikuta kiatu mlangoni, pale pale walipokuwa wakilazwa panya. Cha kushoto, cheusi, kimepakwa rangi vizuri. Baadaye akaja Fortunatus, mguu mmoja una kiatu, mwingine una kandambili. Akakivaa, akamshukuru Aneth, akaenda kufungua ghala.

Siku hizi ndivyo ilivyo. Leo kiatu, kesho mkanda, mara kofia ya kanisani. Aneth huvifuta vumbi na kuviweka kwenye benchi, Fortunatus huja kuvichukua bila haraka. Mvua zimeanza. Juzi, wakati Fortunatus amekaa anafunga kamba za kiatu, Mama Gratien alipita na mzigo wa nyasi kichwani, anakwenda kuziba paa.

"Watoto hawajambo?" Fortunatus alimuuliza.

"Hawajambo, Mwenyekiti. Wanalala wamekaa."

"Tushukuru Mungu," alisema Fortunatus, akasimama, akatoa ufunguo mfukoni. Paka akamfuata nyuma hadi mlangoni mwa ghala.