Mara Ishirini Mfululizo

Binti yangu Eunike alivunjika mguu akitua kwa mwavuli, na mimi ndiye niliyempitisha.

Kazi yangu ni kufundisha watu kuanguka. Shule niliishia darasa la sita. Haya mambo nilifunzwa jeshini. Kwenye uwanja wetu Shirimatunda hakuna anayepanda ndege kabla sijaridhika. Unaruka kutoka kwenye jukwaa la mbao, mita moja na nusu. Miguu imebanana, magoti yamebanana na kukunjwa kidogo. Unagusa chini kwa nyayo, kisha unajilaza kwa ubavu: muundi, paja, tako, bega. Mara ishirini mfululizo. Ukikosea, unaanza moja.

Sisi wa milimani tuna kosa letu. Tumekua tukishuka kwenye utelezi na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mguu mmoja ukitangulia kupapasa ardhi. Mtu wa mjini namfundisha siku mbili. Mtu wa Kibosho nampa wiki. Eunike alilelewa Kibosho na bibi yake.

Ijumaa jioni alifika kumi na nane. Ya kumi na tisa, mguu wa kushoto ukatangulia, upana wa kiganja tu.

“Anza moja,” nikasema.

“Baba, nimechoka. Na kesho bibi anashuka kuniona nikiruka.”

“Anza moja.”

Shakiru, mwanafunzi mwenzake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa amemaliza zamu yake ya kuruka, akadakia. “Mzee, hata mwanao humhurumii? Mimi nilitua kama gunia la mpunga ukanipitisha!”

“Gunia lina nafuu. Mdomo wake umeshonwa.”

Wote wakacheka isipokuwa Eunike. Alikaa kwenye nyasi akipangusa viwiko, macho yamemlowa. Tangu mama yake afe hakuwahi kuniomba kitu. Nikachukua daftari, nikaandika ishirini.

Kesho yake mwavuli ulifunguka vizuri juu ya mashamba ya Mabogini yaliyokwisha kuvunwa. Nilikuwa chini na redio. “Miguu pamoja, mwanangu. Miguu pamoja.” Nikauona wa kushoto unatangulia, unatafuta ardhi. Mfupa nilisikia ukilia.

Wodini bibi alimuuliza ilikuwaje. Eunike akasema alikosea mwenyewe.

“Hakukosea,” nikasema. “Hakuwa tayari. Mimi niliandika uongo.”

Eunike akanitazama. “Kwa hiyo ulijua?”

“Nilijua.”

Akageukia ukutani.

Alilala hospitali siku arobaini na moja. Amepasuliwa mara tatu. Ndani ya mguu kuna bamba moja la chuma na skrubu tisa, na goti linakunjika nusu. Alikuwa akipandisha wageni mlimani, safari mbili kwa mwezi, sasa hapandi. Anaishi kwa bibi yake. Nimekwenda huko mara kumi na nne, na mara tatu ametoka nje kunisalimia.