Malindo Saba ya Mama Mwamvita

Mwaka wa arobaini na tisa mvua ilikata Unyamwezi nzima kabla mtama haujatoa masuke, na mjini Tabora kila kitu kikapanda bei isipokuwa maneno. Sukari ikawa ya kupimwa kwa kijiko. Mafuta ya taa yakawa ya kuwashia wageni tu. Shuka ya amerikani, ambayo zamani mtu alimnunulia mkewe na kusahau siku hiyo hiyo, sasa ilikuwa habari ya kusimuliwa mtaa mzima. Na kwa kuwa serikali haipendi kuona watu wana tabu moja tu, mwaka huo huo ikawaletea na ya pili.

Tabu hiyo ilikuja kwa karatasi iliyobandikwa mtaa wa Cheyo. Ilisema kwamba viwanja vilivyo karibu na stesheni vitaandikwa upya, na atakayebaki ni yule mwenye dalili za nguvu. Dalili zenyewe zilitajwa: paa la bati, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo. Asiye nazo atahamishiwa ng'ambo ya reli, kule porini ambako hata fisi huenda kwa shughuli maalumu. Ilisemekana kwamba wakubwa wanaopita kwa treni hawapendi kuona nyumba za udongo.

Mama Mwamvita hakuwa na dalili hata moja. Nyumba yake ilikuwa tembe, kuta nene za udongo na paa bapa la udongo juu ya magogo. Iliyoijenga ni mikono ya marehemu baba yake, mzee Mabruki, alipochoka kubeba mizigo ya misafara na kuamua kwamba sasa ni zamu ya ardhi kumbeba yeye. Humo Mwamvita alizaliwa, akaolewa, akafiwa na mume, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipika ugali wa mtama na maharage na kuuza barazani kwa watu wa stesheni. Kumhamishia ng'ambo ya reli ilikuwa sawa na kumzimia jiko, maana kuli mwenye nusu saa ya kula hawezi kutembea saa nzima kufuata sahani. Aliposomewa karatasi ile alisema neno moja tu.

"Sihami."

Jirani yake, Lukumani fundi cherehani, hakuwa na moyo wa namna hiyo. Aliuza cherehani yake ya pili, akanunua bati, na kwa kuwa bati nalo lilikuwa ghali kama mahari, likatosha upande wa mbele tu. Nyuma pakabaki nyasi. Siku alipopigilia msumari wa mwisho alikuja barazani kwa Mwamvita akitembea kwa maringo.

"Dada, jikaze. Weka hata mbele tu. Treni haina macho ya kutazama nyuma ya nyumba."

"Lukumani, jana umekula nini?"

Lukumani akajifanya kutafuta uzi mfukoni.

"Ndilo nililotaka kujua," akasema Mwamvita. "Debe tupu haliachi kuvuma, na lako umelipandisha paani. Kaa ule."

Wiki iliyofuata alikuja Ambrosi, karani wa ofisi ya Bwana Shauri, mzungu aliyetawala wilaya, amebana daftari kwapani. Ambrosi alikuwa mtu wa Muheza, mwenye miezi mitano tu Tabora, na alijivunia Kiswahili chake cha upande wa pwani kama wengine wanavyojivunia mashamba. Alikuwa akila barazani pale karibu kila siku, na siku hiyo aliona haya. Hakuingia ndani, maana ilikuwa nyumba ya mjane na yeye amelelewa kwa adabu. Akasimama kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja na daftari, hukuja na njaa."

"Nimetumwa, mama. Bati?"

"Sina."

"Saruji?"

"Sina."

"Vioo?"

"Kimoja. Najitazamia nikisukwa."

Ambrosi alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Mama, nipe hata kitu kimoja nikiandike. Una nini humo ndani?"

"Nina malindo saba."

Hapa inafaa tusimame kidogo. Kwa mtu wa Tabora, lindo ni pipa la gome la mti lililokunjwa na kushonwa, refu kufika kifuani, la kuwekea nafaka. Kila aliyekulia Unyamwezi amewahi kujificha nyuma yake akicheza. Lakini huko alikotoka Ambrosi, lindo ni mahali anapokaa mlinzi kufukuza nguruwe shambani. Alishangaa kusikia mjane ana malindo saba ndani ya nyumba moja, ila hakuuliza. Mtu anayewasahihisha wenzake Kiswahili huona taabu kuuliza maana ya neno la Kiswahili. Akaandika, kwa Kiingereza kizuri chenye mwandiko wa kulala, kwamba nyumba hii inalindwa na walinzi mahali saba.

Bwana Shauri aliposoma hivyo akaweka miwani chini. Walinzi saba, na bati hana? Akasema Alhamisi atakwenda kujionea mwenyewe.

Tobias, tarishi wa ofisi, mzee wa Bukene, huko huko Unyamwezi, ndiye aliyemnong'oneza Lukumani, na Lukumani akaja mbio huku cheko linamvunja mbavu.

"Dada, Mungu amekuletea riziki kwa kalamu ya mpumbavu! Nyumba ya walinzi saba ni nyumba ya tajiri, haihamishwi. Nimesema na makuli. Saba watasimama hapa Alhamisi na marungu. Kazi yako ni kunyamaza tu."

Mwamvita alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akayatazama magogo ya paa, na Lukumani akadhani amekubali. Kwa kweli alikuwa karibu kukubali. Aliogopa. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, na hakujua mtu wa miaka hiyo anaanzia wapi huko porini, bila wateja, bila hata kivuli cha jirani wa kugombana naye.

"Waambie waende kazini," akasema mwishowe. "Baba yangu alikwenda pwani na kurudi mara tisa, na kila mzigo ulikuwa mzigo kweli. Kulikuwa na wapagazi waliofunga majani kwenye turubai waonekane wamebeba. Walichekwa hadi wajukuu. Mimi sitabaki katika nyumba yake kwa mzigo wa majani."

"Wataihamisha nyumba, dada."

"Waje waibebe, basi."

Alhamisi saa nne Bwana Shauri akaja, na nyuma yake Ambrosi na Tobias. Alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa shingo, na Kiswahili chake kilinyooka kama kilichopigwa pasi.

"Wako wapi walinzi wako?"

"Sina walinzi, bwana. Karibuni ndani, na wewe karani, ingia, nimekukaribisha."

Chumba cha ndani kilikuwa na giza na ubaridi, na malindo saba yamepangwa ukutani, vifuniko vimezibwa kwa udongo. Mwamvita akagonga la kwanza kwa kiganja, likajibu kwa sauti nzito.

"Huu mtama. Hili karanga. Haya mawili ni maharage, na hili mtama tena. Yale mawili ya mwisho yamekwisha, mmeyala. Miaka ile karanga zilipokuwa tele hata mbuzi wanazikataa, mimi nilinunua. Watu wakanicheka. Akiba haiozi, bwana."

Ambrosi alikuwa amesimama kinywa wazi. "Mama, hili ndilo lindo?"

"Ndilo, mwanangu. La kwenu hulinda chakula kisiliwe na nguruwe. La kwetu hulinda watu wasilale na njaa."

Bwana Shauri alielewa, na tumpe haki yake, alitabasamu. Kisha akafungua daftari, uso ukarudi kazini. "Chakula hakimo katika orodha. Lakini mtama una bei kubwa leo. Uza malindo mawili, nunua bati. Nitakuandika leo hii kuwa una nguvu."

Alilisema kwa wema, na ndiyo sababu liliuma. Lukumani, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaanza kutikisa kichwa juu chini kwa nguvu, kubali, kubali. Mwamvita akayatazama malindo yake. Ilikuwa rahisi kabisa. Magunia machache tu, na nyumba ya baba yake ingekuwa salama.

"Nikiuza," akasema polepole, "kabla ya mavuno nitakuwa na bati na njaa. Na hapo ndipo utaniandika kwamba nina nguvu?"

"Orodha inasema hivyo."

"Basi orodha yenu humtazama mtu utosini. Siuzi, na sihami."

Bwana Shauri akapumua. "Karani, andika: hana."

Ambrosi akashika kalamu. Haikutembea.

"Andika."

"Bwana, nisamehe," akasema Ambrosi kwa hofu, maana alikuwa na mke Muheza na kazi yenyewe ilikuwa moja tu. "Mshahara wangu haufiki tarehe ishirini. Chumba, sabuni, sukari, vyote vimepanda. Kila mgahawa mjini umepandisha sahani mara mbili. Huyu mama hajaongeza hata senti moja tangu mwaka jana. Mimi nala hapa. Wapiga chapa wanakula hapa. Nikiandika hana, nitakuwa nimeandika kwamba ofisi nzima inashibishwa na mtu asiye nacho. Siwezi kuitia sahihi karatasi hiyo."

Bwana Shauri akamgeukia Tobias, aliyemtumikia miaka mingi na hakuwahi kumdanganya.

"Ni kweli, bwana," akasema Tobias. "Na askari pia."

Bwana Shauri akatoka barazani, akakaa kwenye benchi, akaichukua kalamu mwenyewe. Akakata mstari mmoja, akaandika mingine mitatu, akampa Ambrosi daftari na kuvaa kofia. Lukumani alikuwa tayari ameanza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Ngoja," akasema Mwamvita. "Nisomee."

Ambrosi akamfasiria huku akicheka kwa furaha. "Mwenye kiwanja abaki na nyumba yake kama ilivyo. Ana akiba ya chakula ya kutosha watu wengi. Anaruhusiwa kwa huruma ya ofisi."

"Kwa kitu gani cha ofisi?"

"Huruma, mama."

"Hilo lifute."

"Dada," akasihi Lukumani, "umebaki! Neno moja tu linakuuma nini?"

Mwamvita hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Bwana Shauri, ana kwa ana, mikono imeshika kiuno, unga wa mtama umemkauka vidoleni.

"Sikuomba huruma, bwana. Huruma ni hii ninayowafanyia ninyi kila siku saa sita mchana."

Masikio ya Bwana Shauri yakaiva. Akakaa tena kwenye benchi, akaomba daftari, akalikata neno lile na kutia sahihi pembeni.

"Haya, sogeeni," akasema Mwamvita. "Watu wanakuja kula."