Mkono Uliofungwa

Tak, bega lililia usiku nilipojigeuza kitandani, mara moja tu, kama kijiti kikavu, na sasa ni mchana, hapa Kitui, na huyu dada Ilham wa mazoezi ya viungo amenibandika nyaya mabegani, la kulia nililoangukia mtaroni kule Tawa, na la kushoto lisilo na kasoro, anasema, kaka Ndululu, inua mikono yote pamoja, polepole, nami nainua, na kwenye skrini mstari wa kushoto unaamka, unapanda, unatulia, wa kulia unatetemeka chini, bega lenyewe linapanda hadi sikioni lakini mkono haupandi... Mungu wangu, haupandi, na mimi ni mchimba mitaro ya fanya juu, udongo unatoka shimoni unarushwa upande wa mlima, jembe na bega, jembe na bega, bega likifa mke wangu Nzisa atapika nini... "Wewe hutumia mkono gani?" wa kulia, najibu, nani hatumii wa kulia, naye ananirushia taulo ghafla, na mkono wa kushoto umelidaka, sikuuambia mimi, umelidaka wenyewe, "Ala!" anacheka, "huyu wa kushoto ana haraka zake," mashine haijui ulivyozaliwa, anasema, ila nauliza tu, kaka, una hakika... hakika gani, mbona kwenye mwethya, tukichimbiana mashamba kwa zamu, wenzangu wakielekea huku mimi najikuta nimegeukia kule, na Musyimi anapiga kelele, "Wee jamaa, shamba limeishia huku, unaenda kuoa?" tunacheka wote, mimi zaidi... na mwaitu, mama yangu, pale kando ya mlango, leso mdomoni, hatazami skrini, anatazama kiganja changu cha kushoto, kwa nini anakitazama hivyo, "Tata," ananiita, yaani baba, maana jina langu halijawahi kupita mdomoni mwake, ni jina la baba mkwe wake, na kwetu mke halitamki, hata mzee awe kaburini, hata mwanawe awe amerithishwa, "Tata, kijiko ulikuwa unashika na huo," na huo? "Na huo. Hata kijembe chako. Ukafungwa," ukafungwa, mkono wangu, "kwa kamba ya katani, kiunoni, msimu mzima wa mbaazi, mpaka ukasahau, ati mkono wa kushoto haupokei baraka," katani, na hii alama kifundoni niliyoambiwa ni ya moto, basi miaka yote nimelichosha bega la kuazima na lenye kazi limening'inia kando kama mgeni asiyekaribishwa, na ni zima, Mungu wangu, ni zima... Ilham ameacha kubonyeza, "Mama, nani alimfunga?" mikono yangu bado iko hewani, mmoja juu, mmoja nusu, sema ni mwalimu, mwaitu, sema ni jirani, si babu, yule mzee aliyenibeba mgongoni hadi Kikima kuninunulia viatu, si yeye, leso inashuka, midomo yake inafunguka, inafumba, inafunguka, usilitaje, litaje, "Ni Ndululu," mwaitu anasema.