Pumzi ya Baba Natalia

Alhamisi ile Leonida alimpeleka mumewe hospitali akiwa amebeba shuka, sabuni, chupa ya uji na kibuyu cha mafuta ya taa ya kuchemshia vyombo vya daktari. Ilikuwa ile miaka ya uhaba, mgonjwa anakwenda hospitali na kila kitu isipokuwa daktari. Xavery alikuwa akitapika damu tangu walipovuna maharage, na daktari bingwa alikuwa ameletwa na ndege kutoka mjini, yeye na mpira wake mrefu wenye taa. Mgonjwa anachomwa sindano ya usingizi, anamezeshwa mpira, daktari anachungulia tumbo.

"Ndugu wanabaki nje," alisema nesi Bibiana.

Leonida hakupenda. Kwao Rhotia mgonjwa akilala, mtu hukaa kando yake akimtazama kifua, hata kama ni mafua tu. Lakini akaketi kwenye benchi na wenzake, karibu na Josephati, kibarua wa shamba la kahawa aliyetoka Singida, naye akingoja zamu yake ya mpira na hakuwa na mtu.

Hawajakaa sana, pumzi ya Xavery ikatoka chini ya mlango. Leonida aliijua kwa ule mluzi wake wa puani, tangu siku fahali alipompiga mumewe pembe ya uso, na kwa harufu ya ugoro. Ikaja ikaketi. Watu wakasogea kuipisha.

"Ya nani hiyo?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha.

"Ya Baba Natalia."

"Pole. Ya shemeji yangu nayo ilitoka wiki iliyopita. Tuliiwahi."

Leonida akaigeukia pumzi. "Wewe, mbona umetoka na mwenyewe bado yuko ndani?"

"Nimekaa weee," pumzi ikajibu, "hakuna aliyenitazama. Nikaona labda sihitajiki."

Lo! Leonida hakungoja kusikia zaidi. Aliikusanya kwenye kanga, akafunga fundo asilolikaza sana, akausukuma mlango. Bibiana alikuwa amesimama hapohapo, birika la chai mkononi.

"Mama, nimesema ndugu hawaingii."

"Sikuja kutembea. Nimeleta hii."

Bibiana akalitazama fundo. "Haya, weka pale mezani."

"Mezani? Mwenyewe anaitaka sasa hivi!"

Chumba kilikuwa giza, blanketi limetundikwa dirishani ili daktari aone vizuri kwenye kioo chake. Wageni kutoka wilayani walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, kila mmoja akisubiri zamu ya kuchungulia, wakinong'ona kwamba kweli sayansi imefika Karatu. Xavery alikuwa amelala ubavu, mpira mdomoni. Hakuna aliyekuwa upande wa uso wake.

"Nani amefungua mlango?" daktari akafoka, jicho bado kwenye kioo. "Mwanga unaniharibia!"

"Mume wangu hapumui."

"Dawa niliyompa ni kidogo, mama. Angekuwa hapumui tungejua."

"Mngejuaje, gizani humu? Nyote mnatazama tumbo lake na hakuna hata mmoja anayemtazama yeye!"

Akalivuta blanketi likaanguka na msumari wake. Midomo ya Xavery ilikuwa na rangi ya jivu. Hapo daktari akauchomoa mpira. Leonida akaifungua kanga puani mwa mumewe, akamwita kwa jina, akampiga kofi la mgongo. Pumzi ikaingia shingo upande, kama mke anayerudi kwake baada ya ugomvi. Xavery akakohoa. Mgeni mmoja akauliza kama chai iko tayari.

"Kazi ya kutazama pumzi ni ya nani hapa?" Leonida akauliza.

"Ni yangu," alisema Bibiana, macho chini. "Leo nimepewa kazi ya chai."

 Leonida alimkokota mumewe nje. Josephati akaitwa, akaingia, kofia kifuani. Pale mlangoni Leonida akamshika Bibiana mkono.

"Huyu utamtazama?"

"Wageni hawajanywa, mama. Nikimaliza."

Blanketi likatundikwa tena. Na kwa sababu ya mama mkorofi, mlango ukatiwa komeo kwa ndani.

Xavery alikuwa ameegemea bega la mkewe, anaomba uji, wakati pumzi ya Josephati ilipotoka. Ilikuwa pumzi ya mtu mpole. Ilisimama mbele ya benchi, ikauliza kama kuna yeyote wa Singida. Hakukuwa na mtu. Leonida akairuka chupa ya uji, akaitandaza kanga mbele yake, akaukimbilia mlango. Akagonga kwa ngumi, akagonga kwa teke, akawaita wenye kusoma na vyeti vyao wafungue. Ndani zilisikika sauti za vikombe. Pumzi ikangoja kwa adabu. Mwishowe ikasema asante, mama, usijiumize mikono. Ikashika barabara kwa miguu kuelekea kwao, na mlinzi akaifungulia lango.

Baadaye daktari alitoka akipangusa mikono, amefurahi.

"Huyu wa mwisho alitulia kuliko wote," aliwaambia wageni. "Na tumbo lake ni zima kabisa."

Wageni wakapiga makofi.

Alhamisi iliyofuata tangazo lilisomwa langoni. Kila mgonjwa wa mpira aje na shuka, sabuni, mafuta ya taa, na ndugu mmoja wa kumshikia pumzi. Watu waliliona ni jambo la maana. Waliotoka mbali wakaanza kuulizana majina ya koo zao, labda watapata udugu. Ndugu wakaketi nje, kila mmoja na kanga yake magotini, na mlango ukatiwa komeo.