Punguza Mawazo

Hakuna mtu aliyemshinda Gaudensia kuchambua tumbaku, kuanzia Urambo mpaka Usinge. Alisema hivyo mwenyewe Jumanne asubuhi, amekaa barazani kwake anachagua mawe kwenye maharage, na kabla jirani yake Apolinaria hajafungua mdomo akaongeza kwamba msimu uliopita alichanganya madaraja, belo zima likarudishwa kwa mkokoteni wa punda.

"Lakini lilikuwa limefungwa vizuri," alisema.

Ilikuwa Septemba, wakati miti ya msituni inamwaga majani, na vumbi la njia ya zamani ya misafara, ambayo siku hizi ni ya bodaboda, linaingia mpaka kwenye chumvi. Wiki moja kabla, alikuwa amekuja bwana Sixbert kutoka mjini kufundisha afya ya akili. Alileta vipeperushi vilivyoandikwa: Tunza Akili Yako Majira ya Kupukutika Majani. Vilitafsiriwa kutoka nchi ya baridi, na kwa kuwa mtafsiri alikuwa mwaminifu hakuondoa kitu. Vilisema watu wajihadhari na giza la saa kumi jioni, wavae soksi nene, wakae karibu na moto. Sixbert aliyasoma haya huku anajifuta jasho kwa kipeperushi kingine.

Mzee Raymundi aliuliza hilo giza la saa kumi linatokea wapi.

"Hapa majani si yanapukutika?" alisema Sixbert. "Basi ni hayohayo, mzee."

Kisha akauliza nani kati yao ana mawazo. Wote walinyoosha mikono, maana asiye na mawazo ni mbuzi. Sixbert akaandika: wenye mawazo, watu sitini na wawili.

Alipofika kwa Gaudensia alishusha sauti, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa habari zake. Binti yake Levina alifariki mwezi wa tatu kwenye baraza la zahanati, na mtoto tumboni. Ilikuwa Jumatano. Mlango ulikuwa na kufuli tangu walipofika saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri, ambapo hapakuwa tena na haja ya kuufungua. Benjamini, mganga mfawidhi, ambaye kijiji kizima kilimwita daktari kwa kukosa wa pili, aliandika kwenye kitabu cha zahanati kwamba yeye alikuwepo kazini na mgonjwa alicheleweshwa na ndugu zake. Gaudensia hakutaka kitu kingine duniani ila sentensi hiyo ifutwe. Miezi sita alikwenda kuomba, na miezi sita aliambiwa ana msongo.

"Mama, punguza mawazo," alisema Sixbert, akampa kipeperushi.

Gaudensia alifika darasa la saba, na agizo la mwalimu hakuwahi kulikataa. Alianza kupunguza.

Jani la kwanza lilimdondoka Jumanne ile barazani, kutoka kwenye kilemba, likaangukia maharage. Lilikuwa jani la mti wa mtundu, kavu, halina tobo hata moja. Apolinaria aliliokota alitupe, akabaki nalo mkononi.

"Mama Levina," alisema, "lile kufuli lilikuwa la bluu?"

Apolinaria hakuwepo siku ile. Alikuwa Goweko kwenye harusi.

"Kufuli gani?" aliuliza Gaudensia.

Apolinaria alimrudishia jani. Gaudensia alilishika, akakumbuka.

"La bluu," alisema. "Lina kutu kwa chini. Nipishe nimalize maharage."

Kufikia Ijumaa majani yalikuwa yamejaza vikapu vinne. Yalimtoka kwenye mikono ya gauni, kwenye pindo la kitenge, na mengine yalitoka alipopiga chafya tu. Yeyote aliyeyagusa aliwaza lililokuwemo. Lukumani, fundi baiskeli, alikanyaga moja pekupeku, akaketi njiani akamlilia msichana ambaye hakuwahi hata kumsalimia, kisha akanyanyuka akaziba pancha. Kuku walioparua chini ya dirisha la Gaudensia waliacha kutaga. Watu walifagia kama kawaida, wakaonyana wasifagie kwa mikono mitupu.

Jumamosi Gaudensia aliamka mwepesi. Alikunywa uji vikombe viwili. Aliitikia salamu za watu wote kwa sauti, na mwishoni akamuuliza Apolinaria kwa nini kila mtu anamwita Mama Levina. Levina ndiye nani?

Apolinaria alimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto aliyeiba sukari, akamkalisha mbele ya vikapu.

"Chambua," alisema. "Si unajitapa? Chambua!"

Wakachambua kama tumbaku, jani kwa jani, mafungu mafungu. Daraja la kwanza alikuwemo Levina anacheka mdomo umejaa muwa, Levina anasuka nywele kanisani wakati wa mahubiri, Levina anamdanganya mama yake kwamba amefaulu hesabu. Daraja la pili ilikuwemo sauti yake barazani, akiomba maji. Daraja la tatu lilikuwa kufuli, na kitabu, na benchi ya nje ya ofisi za wakubwa ambapo Gaudensia aliambiwa arudi Jumatatu. Fungu la tatu ndilo lilikuwa kubwa kupita yote. Gaudensia aliyachukua ya kwanza na ya pili, akayarudisha ndani ya kilemba, akakaza. Akawa mzito tena. Alilia mpaka mchana, Apolinaria akimsema muda wote.

Wiki iliyofuata Sixbert alirudi kupima mafanikio. Alioneshwa gunia la daraja la tatu. Alilipiga picha, akaandika kwamba mawazo yamepungua kwa gunia moja.

"Wewe kijana," alisema Apolinaria, "akili ya huyu mama haiumwi. Ina kesi."

Sixbert akaandika: hasira, mtu mmoja.

Jumatano zahanati ilifungwa. Benjamini alikuwa Tabora kwenye semina ya lugha nzuri kwa wagonjwa. Wajawazito wawili walikaa barazani mpaka saa nane, wakarudi kwao.

Alhamisi asubuhi Gaudensia alijitwika gunia, akaenda kulimwaga mlangoni kwa Benjamini, mbele ya wagonjwa waliokuwa wanasubiri. Kijiji kizima kilikuwa kimeshagusa majani hayo kwa bahati mbaya. Ni mmoja tu ambaye bado.

Benjamini alitoka na ufagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuletea mawazo. Wenzako wamesema niyapunguze, na haya ni yako."

"Mama, tumeshaongea. Siku ile nilikuwepo. Imeandikwa."

"Najua imeandikwa. Shika jani moja, useme tena."

"Watu wananichekesha na hadithi za majani," alisema Benjamini, akiwageukia wagonjwa. "Haya ni majani tu. Mimi yananitisha nini?"

Walikuwa wanaitazama mikono yake. Alikuwa amevaa glavu nyeupe mpaka karibu na viwiko, glavu za kuzalishia, zile ambazo kila mjamzito wa kijiji kile huambiwa zimeisha, aje na zake.

"Basi vua," alisema Gaudensia.

Benjamini naye akaitazama mikono yake. Alisema angevua, ila zimembana mno, hazivuliki. Zilikuwa zinampwaya.